Kutembea na Watoto Wadogo katika Giza la Majira ya Baridi



Wako watu wengi wa sharika zetu ambao sasa wanakaa mbali na nchi hizi, katika Ujerumani na Uswidi na Norwe, na Minnesota kule Marekani. Wengine kwa masomo, wengine kwa kazi, wengine kwa kuikimbia vita. Wakituandikia, au wakija kutuamkia, neno wanalolitaja kwanza si baridi, bali ni giza. Maana baridi huvumilika kwa mavazi, lakini giza lile linaloingia alasiri huwalemea moyo. Na wenye watoto wadogo huongeza neno jingine, kwamba tangu Novemba hata Februari watoto hawatoki nje wakiisha kurudi kutoka shule, kwa kuwa ni usiku tayari, na usiku si wakati wa mtoto kuwa nje. Lakini jirani zao, wenyeji wa nchi, huwavika watoto wao nguo za sufu na kuwatoa nje gizani, wala si kwa haja yo yote, ila kwa kutembea na kufurahi. Jambo hili huwashangaza watu wetu. Je, ni upumbavu wa wenyeji? Au liko neno ambalo wanalijua, nasi yatupasa kulitafuta?

Nataka kulitazama swali hili polepole, kwa kuwa naliona lina mzizi mrefu kuliko linavyoonekana. Halihusu matembezi tu. Lahusu hofu, ni nani aliyewapa watoto wetu hofu hiyo, na kwa faida ya nani.

Kwanza yafaa kufahamu jinsi nchi zile zilivyo. Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua huchwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja na nusu mwaka mzima, na mtoto wa Moshi au wa Bukoba huliona giza kila siku ya maisha yake kabla ya kulala. Huko sivyo. Katika mji wa Berlin, katikati ya Desemba, jua huchwa kabla ya saa kumi alasiri, wala halichomozi tena mpaka baada ya saa mbili asubuhi. Lakini mwishoni mwa Juni huchwa saa tatu na nusu ya usiku, na mwangaza wa jioni hukaa angani hata baada ya hapo. Katika mji wa Tromsø, kaskazini ya Norwe, jua halionekani kabisa tangu mwisho wa Novemba hata katikati ya Januari. Basi fikirini habari za mtoto wa miaka minne, alazwaye saa moja au saa mbili. Katika majira ya joto huyo hauoni usiku hata mara moja. Hulala jua lingaliko, na nyota hazijui. Wazazi wake wakimfungia ndani katika majira ya baridi pia, atafika miaka sita au saba pasipo kuziona nyota za mbinguni isipokuwa katika picha. Majira ya baridi ndiyo nafasi yake ya pekee kuuona usiku angali macho, na mkono wake ungali mdogo ndani ya mkono wa baba yake. Wasemao kwamba majira yale hayana kitu kwa mtoto, na walifikiri neno hili.

Wenyeji hawakuanza jana kutembea gizani na watoto. Jioni ya tarehe 11 Novemba, na mahali pengine tarehe 10, katika miji na vijiji vingi vya Ujerumani watoto hutoka nje jua likiisha kuchwa, kila mmoja na taa yake ya karatasi iliyotundikwa kwenye kijiti, nao huenda njiani wakiimba. Mara nyingi mbele yao huenda mtu juu ya farasi, amevaa joho jekundu, mfano wa Martin wa Tours. Huyo Martin alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Hungaria, akawa askari wa Kirumi. Na siku moja ya baridi kali, katika lango la mji wa Amiens, alimkuta maskini asiye na nguo, akalikata joho lake vipande viwili kwa upanga, akampa kimoja. (Walimu wa wanafunzi wa ubatizo na waangalie: siku ile Martin mwenyewe alikuwa angali mwanafunzi, hajabatizwa.) Baadaye akawa askofu wa Tours, akazikwa tarehe 11 Novemba 397. Zikapita karne nyingi, na tarehe 10 Novemba 1483 mtoto akazaliwa katika mji wa Eisleben. Kesho yake akabatizwa, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Martin wa Tours, akapewa jina lake. Ndiye Martin Luther. Kwa ajili hiyo katika mji wa Erfurt, alikosoma Luther, maelfu ya watoto hukusanyika na taa zao jioni ya tarehe 10 Novemba, katika uwanja ulio chini ya kanisa kuu, Walutheri na Wakatoliki pamoja, na Martin wote wawili hukumbukwa.

Nami kila nikiwaza habari za taa zile za Erfurt, hukumbuka njia nyingine iliyo karibu na mji huo. Tarehe 2 Julai 1505 Luther, kijana wa miaka 21, alikuwa akienda Erfurt kwa miguu, na karibu na kijiji cha Stotternheim radi ikapiga kando yake. Kwa hofu akamlilia Mtakatifu Anna na kuweka nadhiri ya kuwa mtawa. Na tarehe 17 ya mwezi ule ule akaingia nyumba ya watawa. Mwaka 1521 alimwandikia baba yake kwamba nadhiri ile ilitolewa kwa kushurutishwa na hofu ya mauti. Tena alipokuwa mtu mzima alisimulia jinsi mama yake alivyompiga kwa ajili ya kokwa moja tu hata damu ikatoka, naye aliona kwamba ukali ule wa wazazi ulikuwa na sehemu yake katika kumpeleka utawani. Hofu ilimwingiza katika nyumba ile, lakini amani haikumpa. Amani aliipata kwa njia nyingine, nanyi mwaijua. Leo watoto wa mji ule huingia gizani wakiimba. Sisemi kwamba kila mama wa Erfurt afungaye kitambaa shingoni mwa mtoto wake huwaza habari za Stotternheim. Pengine huwaza kama ameacha jiko likiwaka. Lakini mtoto hupokea kitu ambacho mama hakukitaja.

Sasa na tujitazame sisi. Twawafundishaje watoto wetu habari za usiku? Mtoto akilia tunamwambia, Nyamaza, zimwi lisikusikie. Akikataa kulala tunamwambia kwamba fisi yuko mlangoni. Akitaka kumfuata baba yake nje tunamwambia habari za mumiani wanaonyonya watu damu. Wengine humtaja polisi, au daktari na sindano yake. Kisha mtoto akishikwa na homa na kupelekwa kwa daktari, wazazi hushangaa kuona anapiga kelele kama achinjwaye. Njia hii ni nyepesi, nakiri. Mtoto hunyamaza mara moja. Mama aliyechoka tangu alfajiri kwa jembe na kuni apata pumziko lake, na ni nani atakayemlaumu? Walakini hebu tuipime kwa Katekisimo ambayo sisi wenyewe tunaifundisha.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther alipoieleza amri ya kwanza alitaja mambo matatu tunayopaswa kumpa Mungu kupita vitu vyote, na la kwanza katika hayo matatu ni hofu. Basi hofu ina mwenyewe. Mzazi akichukua sehemu ya hofu ile na kuipa zimwi, ambalo halipo, amemwekea mtoto wake mungu mdogo nyuma ya mlango, naye humtolea sadaka ya machozi kila jioni. Tunawakemea wazee wanaopeleka pombe kwenye mti wa matambiko, na ndani ya nyumba za Wakristo twajenga mzimu mwingine na kuuita malezi.

Tena iko amri ya nane. Je, inakoma kwenye kitanda cha mtoto? Baba amwambiaye mwanawe kwamba fisi yuko mlangoni, naye hayuko, amesema uongo. Na uongo huu una matunda yake, ambayo mimi kama mchungaji nayaogopa kuliko yote. Mtoto akifika miaka tisa au kumi hutambua ya kwamba zimwi halikuwako kamwe. Kutoka hapo atafanya hesabu yake mwenyewe juu ya mambo mengine yasiyoonekana ambayo aliambiwa na midomo ile ile. Twalalamika kwamba vijana wakiisha kipaimara huliacha kanisa. Sababu zake ni nyingi, wala sitaki kuzitia zote katika mfuko mmoja. Lakini sidhani kwamba kosa lote ni la mwalimu wa kipaimara. Jengo la imani laweza kuwa liliondolewa jiwe moja usiku, zamani, na watu waliompenda mtoto.

Hofu hii haikai nyumbani peke yake; husafiri pamoja na watu. Nimewaona wazazi wa kwetu katika nchi zile wakivuta pazia saa kumi alasiri na kuwaambia watoto kwamba nje kuna dudu, katika mtaa ambao hauna mnyama wa kumdhuru mtu, na fisi hupatikana tu katika bustani ya wanyama, nyuma ya chuma. Mtoto hukaa ndani miezi minne, mbele ya kioo kinachocheza picha, akisikia watoto wa jirani wakicheka kwenye theluji.

Hapa mtu atanijibu, na jibu lake ni la haki: Mchungaji, wazee wetu hawakuwa wajinga. Usiku ulikuwa na chui migombani na nyoka njiani, na leo uko na pikipiki zisizo na taa. Ndivyo. Hofu yenye sababu ni mlinzi mwema, nami sitaki kumfukuza. Lakini mwambieni mtoto lililo kweli. Mkimwambia nyoka, na iwe kwa kuwa nyoka yupo, kisha mwonyesheni jinsi ya kutembea na fimbo na taa katika njia isiyo na majani. Wenyeji wa kaskazini nao wana hatari zao, barafu itelezayo na magari. Na katika Ufini watu waendao kwa miguu gizani huvaa kipande kinachong'aa kikipigwa na taa ya gari. Mzazi humfunga mtoto kipande hicho na kumweleza maana yake, na mambo yamekwisha. Mtoto amefundishwa kujihadhari, wala hakufundishwa kutetemeka.

Mwingine, hasa ndugu zangu wainjilisti, atanijibu kwa Maandiko, ya kuwa giza ni la Shetani, na wana wa nuru hawana shirika nalo. Atanionyesha Yohana 3 na Warumi 13. Nami nitamwomba asome tena, aone kwamba giza linalotajwa pale ni la mioyo na matendo. Mtu aweza kukaa ndani yake saa sita mchana. Usiku ni kitu kingine. Katika Mwanzo 1 Mungu mwenyewe aliupa usiku jina lake, na jioni imetajwa kabla ya asubuhi. Abramu alitolewa nje ya hema usiku ili ahesabu nyota, na asingaliweza kuzihesabu mchana. Farao alitaka wanaume peke yao waende, lakini Musa alikataa kuwaacha watoto, kama tusomavyo katika Kutoka 10. Na walipotoka Misri walitoka usiku, na watoto wao pamoja nao. Yusufu alimchukua mtoto Yesu na mama yake usiku wakaenda Misri. Na Zaburi ya 139 yafundisha kwamba mbele za Mungu usiku na mchana ni sawasawa. Kama ni hivyo, mtoto wa Kikristo anayekwenda gizani akishikwa mkono yuko mahali ambapo watu wa Mungu walikwisha kupita.

Lakini sasa nawaonya walimu, nami nikiwamo. Msiyageuze matembezi kuwa somo. Sisi tulio na kazi ya kuhubiri hatuwezi kuona nyota bila kuitafutia mafundisho, wala kuona theluji bila kuitaja Isaya. Mtoto hupendezwa na kimya. Nalipokuwa Ujerumani kwa masomo nalikaa majira mawili ya baridi karibu na jamaa mmoja wenye msichana wa miaka mitatu na mvulana wa mitano, nasi tulitembea pamoja jioni nyingi kandokando ya shamba. Baba yao alikuwa na tochi mfukoni, naye aliizima tulipozipita nyumba za mwisho. Mara ya kwanza naliona giza tupu, nikasimama. Yule mtoto mdogo akaushika mkono wangu, akaniambia ningoje kidogo, giza litafunguka. Akasema kweli. Jicho la mwanadamu likitoka katika mwangaza lahitaji dakika 20 au 30 kulizoea giza sawasawa, na taa ikiwashwa mara moja tu kazi yote yaanza upya. Tulipofika mwisho wa shamba naliona njia, na miti, na sungura aliyekuwa akivuka. Baba hakusema neno hata moja la mafundisho, naye alikuwa mtu wa dini.

Theluji nayo hulisaidia jicho. Ile iliyoanguka karibuni huurudisha mwangaza unaoiangukia, sehemu nane au tisa katika kumi, hata mwezi ukiwa nusu tu mtu huona kivuli chake mwenyewe chini. Pia humeza sauti, kwa hiyo mji mzima hunyamaza kana kwamba umefunikwa blanketi, na sauti ibakiyo ni ya viatu tu. Watoto huipenda sauti ile. Hukanyaga, husimama, husikiliza, hukanyaga tena, na mwendo wa dakika kumi huchukua nusu saa. Mwenye haraka asiende nao.

Na anga likiwa safi, katika jioni za Novemba na Desemba Kilimia chaonekana upande wa mashariki. Ni kile kile ambacho babu zetu walikitazama wapate kujua wakati wa kulima, ndiyo maana ya jina lake, na ndicho kitajwacho katika kitabu cha Ayubu na cha Amosi. Macho ya watu wengi huona nyota sita au saba, ingawa kwa vyombo huonekana mamia. Wataalamu wasema mwangaza wake hutumia zaidi ya miaka 400 kutufikia. Basi ule tuuonao sasa uliondoka huko karibu na wakati kilipotolewa Kitabu cha Concordia, mwaka 1580. Jioni hiyo hiyo bibi aliyeketi uani kwake Machame hukiona pia, na mjukuu wake aliyeko Berlin au Minneapolis atakiona giza likiingia huko, kila mmoja kwa zamu yake.

Wenye kutaka kujaribu, na waangalie maneno machache. Mtoto mdogo hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima, na yule abebwaye hupoa kuliko yule atembeaye kwa miguu yake, kwa kuwa mwili wake haufanyi kazi. Kwa hiyo nguo nyembamba kadha wa kadha, moja juu ya nyingine, ni bora kuliko moja nene, na soksi zisibane. Mvisheni kofia, na glavu zifungwe kwa uzi zisipotee. Mtoto akisema yatosha, rudini papo hapo, hata kama hamjafika po pote. Asishurutishwe kuwa shujaa. Na mkirudi kuwe na maziwa ya moto au uji.

Nao tulio hapa nyumbani tusidhani kwamba jambo hili ni la Ulaya tu. Tunayo majira yetu ya kipupwe, Juni hata Agosti, na watu wa Makete na Njombe na Lushoto wanajua jinsi jioni zake zinavyouma masikio. Anga za miezi ile mara nyingi ni kavu na safi, na giza huingia mapema, mtoto angali macho. Nge huonekana juu na mkia wake uliopindika, na ule ukanda mweupe wa nyota hupita katikati ya mbingu. Kilimia hakionekani jioni za Julai; mwenye kutaka kumwonyesha mtoto sharti amwamshe kabla ya mapambazuko, amfunge blanketi, atoke naye hata mlangoni, naye atakiona upande wa kaskazini-mashariki, jogoo wakianza kuwika.